Mashine inasema 8.5, kipimo cha mkono kinasema 7.5: nimwamini nani?

SWALI: Ndugu mtaalamu, nina tangi la matumbawe la lita 400 nyumbani kwangu Mbezi Beach. Miezi 14 iliyopita niliagiza kutoka nje mashine ambayo yenyewe, kila baada ya saa nne, hupima ualkali wa maji (uwezo wa maji kuizima tindikali, ambao matumbawe huutumia kujenga mifupa yao), kisha inaongoza pampu ya dozi, ile inayoongeza dawa ya ualkali tangini, ili kiwango kibaki 8.5 dKH (dKH ni kizio cha ualkali). Kwa mwaka mzima ilikuwa ikikubaliana na kipimo changu cha mkono, tofauti isizidi 0.2. Sasa ni wiki ya tatu mashine inaonyesha 8.5 ilhali kipimo cha mkono kinatoa 7.5 au chini kidogo, na alfajiri mashine hupanda hadi 8.9. Nimefanya kalibresheni ya elektrodi (yaani kukiweka sawa kihisi cha pH cha mashine) mara mbili, zote mchana. Kila mara mambo yalikaa sawa siku moja au mbili kisha yakarudi yalivyokuwa. Vitendanishi (kemikali za kupimia) ni vya chupa ileile niliyoifungua miezi miwili iliyopita. Kiyoyozi cha sebuleni huzimwa usiku. Je, nibadilishe elektrodi, au mashine yenyewe imeharibika? Msomaji, Dar es Salaam.

JIBU: Ndugu msomaji, kabla ya kugusa elektrodi au kitu kingine chochote, tenganisha mashine na pampu ya dozi leo hii, kisha uiweke pampu itoe kiasi kilekile kila siku, sawa na kile ilichokuwa ikitoa kwa wastani kabla hitilafu haijaanza. Mashine inayosoma juu kuliko ukweli hudhani maji yameshatosheka, hivyo hupunguza dozi, na matumbawe yanaendelea kula akiba iliyopo. Namba ya 8.5 unayoiona kwenye skrini imebaki pale kwa sababu mashine ndiyo inayoishikilia pale, kwa hiyo utulivu wake si ushahidi wa lolote. Ikiwa kipimo chako cha mkono kiko sahihi, ualkali halisi umeshuka kwa takribani dKH 1 na wewe hukuonywa.

Sasa tuje kwenye chanzo. Mashine hizi haziuoni ualkali wenyewe. Huvuta ujazo fulani wa maji ya tangi, huongeza tindikali kidogo kidogo, hutazama volti ya elektrodi mpaka pH (kipimo cha ukali wa tindikali; ikishuka, ukali umezidi) ifike karibu na 4.5, kisha hukokotoa ualkali kutokana na kiasi cha tindikali kilichotumika. Vitu vinavyopimwa kweli ni vitatu tu: ujazo wa maji, ujazo wa tindikali na volti. Kila kimojawapo kikikosea, kosa huwa na upande wake, na upande huo ndio unaokuelekeza mahali pa kutafuta. Pampu ya sampuli ikivuta maji pungufu, tindikali kidogo itatosha, na namba itashuka. Chupa ya tindikali ikiachwa bila kufungwa vizuri katika joto la Dar es Salaam, maji hupotea kwa mvuke, tindikali inayobaki huwa kali zaidi, na namba hushuka vilevile. Kwako namba imepanda, kwa hiyo hizo mbili unaweza kuziweka kando. Wengi huja na chupa mpya ya vitendanishi mkononi, wakati kosa lao liko upande ambao chupa iliyozeeka haiwezi kabisa kuwapeleka.

Namba hupanda kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni pampu ya tindikali kutoa pungufu ya inavyohesabu. Pampu hizi husukuma kimiminika kwa kukamua mpira mwembamba kwa magurudumu madogo, na kwa vipimo sita kwa siku katika miezi 14, mpira wako umekamuliwa kwa zaidi ya vipimo 2,500. Mpira uliochoka haujai tena sawasawa, na mashine huhesabu mizunguko, haihesabu matone. Ya pili ni sampuli kuzidi, hasa pale maji ya kusuuzia yanapobaki ndani ya kikombe cha kupimia kwa sababu pampu ya kutolea haimalizi kuyatoa. Ya tatu ni elektrodi kuchelewa au volti yake kupungua njiani, kiasi kwamba pH halisi imeshafika 3.5 lakini mashine bado inasoma 4.5 na haijaacha kudondosha tindikali.

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoishuku kwako, na sababu ziko ndani ya barua yako mwenyewe. Kalibresheni ya elektrodi haiwezi kuponya mpira uliochoka, hata kwa siku moja. Ikiwa ilileta nafuu, kosa liko upande wa volti. Halafu kuna suala la usiku. Elektrodi ya pH hutoa ishara dhaifu sana kupitia kioo chenye ukinzani wa mamilioni mengi ya omu, kwa hiyo chembe za chumvi zilizolowa unyevunyevu kwenye kiungio cha waya wake zinatosha kuivujisha ishara hiyo. Volti inapovuja huelekea sifuri, na kwa elektrodi sifuri maana yake ni pH 7. Yaani maji makali huonekana si makali kiasi hicho, na tindikali huzidishwa. Mchana kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi hewa ya sebuleni ni kavu, nawe ukafanya kalibresheni katika hali hiyo. Usiku kiyoyozi kikizimwa, unyevunyevu wa pwani unarudi, chumvi iliyotambaa juu ya kiungio inalowa, na yale uliyoifundisha mashine mchana hayafai tena.

Niongeze tahadhari moja hapa, maana si kila kupanda kwa alfajiri ni uongo. Matumbawe hujenga mifupa yao kwa kasi zaidi wakati wa mwanga, hivyo katika tangi linalopewa dozi sawasawa usiku na mchana ni kawaida ualkali kupanda kidogo kuelekea asubuhi. Sehemu ya ile 0.4 yako huenda ni ya kweli. Kipimo kimoja cha mkono saa kumi na moja alfajiri, kabla taa hazijawaka, kitakuambia ni kiasi gani.

Dhana hata hivyo ni dhana, na njia ya kuithibitisha inagharimu kidogo sana. Utahitaji mizani ya sonara inayosoma gramu 0.01, ambayo Kariakoo haikosekani, pamoja na maji yasiyo na chochote ndani na baikaboneti safi ya sodiamu. Maji yawe yale yaliyopita kwenye chujio lako la RO (lile linaloondoa chumvi majini), au maji ya betri yaliyokenekwa, ila uwe mwangalifu dukani kwa sababu kwenye rafu hiyohiyo huuzwa tindikali ya betri. Maji ya kunywa ya chupa hayafai, kwani yana baikaboneti yake. Hiyo baikaboneti ni ile beking soda ya kuokea, iliyofungwa na ambayo haijawahi kupashwa moto. Usiichanganye na hamira wala beking poda, na kwa vyovyote usitumie magadi ya kupikia maharage. Magadi ni mchanganyiko wa kabonati na baikaboneti pamoja na udongo wake, na hakuna mtu awezaye kukuambia gramu moja yake ina ualkali kiasi gani.

Pima gramu 2.52 za baikaboneti, uziyeyushe katika maji mpaka yafike lita 1. Huo ni mmumunyo mama. Chukua mililita 100 zake, uongeze maji mpaka lita 1, na utakuwa na mmumunyo wenye ualkali wa milliekwivalenti 3 kwa lita (kizio kingine cha ualkali), ambao ni sawa na 8.4 dKH. Kwa namna hiyohiyo, mililita 50 za mmumunyo mama zikifikishwa lita 1 hutoa 4.2 dKH. Sababu ya kupitia mmumunyo mama ni kwamba mizani yako haiwezi kupima robo ya gramu kwa uhakika, lakini gramu mbili na nusu inazipima vizuri. Anza kwa kuupima mmumunyo wa 8.4 kwa kipimo chako cha mkono. Hatua hii watu huiruka, na mara nyingine huishia kuirekebisha mashine nzima ifuate kitendanishi kilichokwisha muda wake au sirinji iliyosomwa na kiputo cha hewa ndani. Kipimo cha mkono kikitoa kati ya 8.1 na 8.7, kiamini.

Kisha ingiza mpira wa sampuli wa mashine ndani ya kila mmumunyo, upime mara tatu, na ulitupe jibu la kwanza kwa kuwa bado lina maji ya tangi yaliyobaki njiani. Usiangalie tu kwamba mashine imekosea. Angalia imekosea kwa namna gani katika mikolezo yote miwili. Tuseme mmumunyo wa 8.4 umesomwa 9.5 na ule wa 4.2 ukasomwa takribani 4.75. Hapo kosa limekua kwa uwiano, kila namba imezidishwa kwa 1.13, na hilo ni kosa la ujazo: shughulika na pampu na mipira. Lakini ikiwa 8.4 imesomwa 9.4 na 4.2 ikasomwa 5.2, mashine imeongeza 1 ileile pande zote mbili. Tindikali inayohitajika kuyashusha maji kutoka pH 4.5 hadi 3.5 haijali sana maji yalianza na ualkali gani. Ni kiasi kilekile, kati ya 0.8 na 1 dKH hivi. Kosa la kuongeza namna hiyo ni alama ya elektrodi. Rudia jaribio hilo usiku kiyoyozi kikiwa kimezimwa, maana mchana linaweza kuonyesha kwamba hakuna tatizo kabisa.

Ikithibitika ni upande wa elektrodi, usikimbilie kununua mpya. Zima mashine, chomoa kiungio cha waya, na ukichunguze kwa mwanga mzuri. Unga mweupe au doa la kijani ni ushahidi tosha. Kisafishe kwa pamba ya masikioni yenye spiriti isiyo na rangi, sehemu zote mbili, ukiache kikauke kwa saa kadhaa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, kisha ukirudishe, ukizungushie utepe wa mpira na kukihamishia mbali na maji yanayoruka. Ncha ya elektrodi yenyewe iloweke dakika chache ndani ya siki nyeupe ili kuondoa chokaa, uisuuze, na uiache katika mmumunyo wake wa kuhifadhia. Maji yaliyokenekwa huiharibu. Baada ya hapo soma milivolti katika bafa (mmumunyo ambao pH yake inajulikana) ya pH 7 na ya pH 4. Katika nyuzi joto 25 tofauti kati ya bafa hizo inapaswa kuwa karibu milivolti 177. Ikishuka chini ya 150 hata baada ya kusafishwa, au ikichukua zaidi ya dakika moja kutulia, elektrodi imezeeka na umri wa miezi 14 si wa kuusikitikia. Bafa ya pH 10 usijisumbue nayo: hufyonza gesi ya ukaa kutoka hewani na kubadilika upesi, na kazi ya mashine hii haifiki huko.

Ikiwa kosa ni la uwiano, iamuru pampu ya tindikali itoe mililita 10 za maji safi juu ya mizani ileile. Kwa joto la chumba la nyuzi 28 hadi 30 unatakiwa kupata gramu 9.96 hivi. Ukipata 8.8, badilisha mpira wa pampu, na ubadilishe na ile mingine kwa kuwa imezaliwa siku moja. Tazama pia kikombe cha kupimia baada ya kutolewa maji. Kikibaki na kimiminika chini, mpira wa kutolea umeziba au umechoka.

Kuna jambo moja ambalo ningekuomba usilifanye, ingawa mashine nyingi zinaliruhusu: kuandika kwa mkono jibu la kipimo chako ili mashine ijirekebishe. Marekebisho hayo huwa ama ya kuongeza ama ya kuzidisha, na mashine haijui tatizo lako ni la aina gani. Utapata namba nzuri siku ya leo na kosa jipya ualkali utakapobadilika, huku alama uliyohitaji kwa uchunguzi ikiwa imefutika.

Wapo wanaoniuliza kama wanaweza kutumia maji ya bahari kuhakiki mashine. Maji ya bahari wazi yenye chumvi ya 35 kwa elfu huwa na ualkali wa takribani 6.5 dKH, lakini yale unayoyachota ufukweni, hasa wakati wa masika na karibu na mlango wa Msimbazi, yamechanganyika na maji ya mvua na mengineyo. Yanaweza kukuambia kama mashine imepotea kabisa. Hayawezi kuamua ugomvi wa dKH 1.

Mashine ikishasoma mimumunyo yote miwili ndani ya 0.3, usiku na mchana, pandisha ualkali wa tangi kutoka 7.5 kwa 0.5 dKH kwa siku na usizidi hapo, kwa kufuata kipimo cha mkono. Udhibiti wa dozi uurudishe mwishoni, na kabla ya kuuwasha weka mipaka: mashine iruhusiwe kuongeza au kupunguza dozi ya siku kwa asilimia 10 tu, na zaidi ya hapo ikupigie kengele badala ya kuamua yenyewe.