Dawa nimepiga mara mbili, mahindi bado yanakauka moyo

SWALI: Bibi Shamba, shikamoo. Nina mahindi robo eka nyuma ya nyumba. Majani yana vitundu vilivyopangana mstari, na mengine nikivuta jani la moyo linachomoka lenyewe, limekauka. Dukani waliniambia ni kiwavijeshi vamizi. Nimepiga dawa mara mbili, pesa imekwisha. Nifanyeje?
Mama wa watoto watatu, Mafinga

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana. Chukua kisu, kata mhindi mmoja uliokauka moyo, upasue kwa urefu. Ukikuta njia iliyojaa unga mbichi kama machicha, na kiwavi mweupe mwenye wekundu kwa mbali, kichwa cha hudhurungi, huyo ni bungua wa mabua. Kiwavijeshi vamizi, aliyeingia nchini 2017, ana Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yaliyokaa mraba karibu na mkia.

Mama yake bungua ni nondo. Hutaga usiku, kati ya ala ya jani na bua, ambako huoni. Watoto wakianguliwa hupanda moyoni kula majani yakiwa bado yamejikunja. Jani likikunjuka, tundu moja limekuwa mstari wa matundu. Siku hizo ndizo za kumwahi, dawa iingie moyoni kabisa. Akishazama ndani ya bua, ukipuliza unaosha majani tu. Kwa hiyo chupa ya tatu usinunue. Ng'oa iliyokauka moyo, wape ng'ombe leo leo.

Sasa nikuulize mimi: mabua ya mwaka jana uliyaweka wapi? Wengi wetu huyaegesha nyuma ya zizi yawe chakula cha kiangazi, na humo ndimo bungua analala, hali, hakui, mpaka mvua za Novemba zimwamshe. Septemba nilipasua bua langu mwenyewe hapa Kalenga. Kwenye pingili za chini walikuwamo wawili, weupe kama maziwa, wametulia hadi nilipowagusa na ncha ya kisu. Niliumia, maana shamba liko hatua ishirini tu. Ukivuna, yalaze mabua chini juani, yatawanye, yakae mwezi mzima ndipo uyafunge.

Na ukipasua ukakuta kiwavi amekufa, ubavuni ana vifuko vyeupe kama pamba, bua hilo usilichome. Humo watatoka nyigu wadogo wanaomuua bungua. Liegeshe kando ya shamba, watoke wenyewe.