Je, Ethel Waters alimrudia Mungu kwa sababu ya kufilisika?

SWALI: Shikamoo, Mama. Mwalimu wetu wa kwaya ametuletea wimbo wa shomoro, ule usemao Mungu humwangalia hata shomoro, aliouimba sana Ethel Waters wa Marekani. Mzee mmoja wa kanisa ameukataa. Anasema huyo mama alikuwa mwimbaji wa vilabu na mwigizaji, akamkumbuka Mungu alipofilisika. Ni kweli? – Mwanakwaya, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mzee wenu hakudanganya, ila hadithi ameianzia katikati.

Ethel alizaliwa Chester, Pennsylvania, mwaka 1896. Mama yake alikuwa binti mdogo aliyebakwa, na mtoto akalelewa na bibi, mfanyakazi wa ndani katika nyumba za watu. Akaozwa akiwa na miaka 13. Ndoa ilipomshinda, akaenda kusafisha vyumba vya hoteli Philadelphia kwa dola 4.75 kwa wiki. Mtoto wa namna hiyo, mwenye sauti ile, akiitwa jukwaani apate zaidi, mimi ni nani nimhukumu? Na kabla ya vilabu alikwisha kuguswa kwenye mikutano ya uamsho ya watoto. Alisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake cha mwaka 1951, akakipa jina la wimbo huohuo mnaougombania.

Kazi alizifanya nyingi: sahani za muziki wa bluzi tangu 1921, Broadway, majumba maarufu ya maigizo ya New York, pamoja na waigizaji Wazungu mwaka 1933, filamu iliyomfanya ateuliwe kuwania tuzo ya Oscar. Lakini mwambie mzee aangalie mwaka 1950. Ethel aliigiza mpishi katika mchezo wa kuigiza New York, na humo akauimba wimbo wa shomoro. Watu walikata tiketi za tamthilia, wakasikia tenzi! Hapo ilikuwa bado miaka saba afike kwa mhubiri Billy Graham.

Deni la kodi lilimkaba kweli, hilo silifichi. Ila mwaka 1957, kwenye mkutano wa injili wa Graham katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, aliingia kama msikilizaji, kisha akaketi kwenye kwaya miongoni mwa mamia ya waimbaji, usiku baada ya usiku. Mimi nimeimba sauti ya pili miaka 30, na hapo ndipo machozi hunitoka. Mtu aliyezoea kusubiriwa na ukumbi mzima anasimama kwenye safu, anamfuata mwongozaji! Kwenye kwaya yangu niliwaona wenye majina madogo kuliko lake wakisusa kwa sababu hawakupewa shairi la kuongoza.

Wala hakuacha kuigiza. Mwaka 1962 aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy kwa kipindi cha televisheni, huku akiendelea kuimba kwenye mikutano ya Graham. Aliendelea hivyo hadi uzee wake, akafariki mwaka 1977.

Sasa mwombe mwalimu asiupandishe wimbo huo. Ethel hakuwa na haraka nao, mahali pengine utadhani anaongea na mtu jikoni. Sauti ya kwanza wasishindane kupiga kelele, besi wawe chini kabisa. Na kabla ya kuanza, mmoja wenu asome Mathayo 10:29, polepole, mzee akiwa ameketi: mashomoro wawili kwa senti moja.