Maktaba ndani ya programu au kando yake?

SWALI: Ninauza programu ya hesabu za maduka niliyoiandika kwa C++, inayotumia maktaba mbili, yaani vifurushi vya msimbo ulioandikwa na wengine: Qt, ya kuchora madirisha na vitufe, na OpenSSL, ya kusimba mawasiliano. Kwangu, kwenye mfumo endeshi wa Ubuntu 22.04, inafanya kazi vizuri. Kwa mteja mwenye Ubuntu 20.04 iligoma, ikatoa ujumbe kwamba GLIBC_2.34 haikupatikana. Mwenzangu ananishauri nizifunge maktaba zote ndani ya faili moja. Je, nifuate ushauri huo? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, usiufuate wote, kwa sababu maktaba zako tatu hazilingani.

Iliyokugomea ni ya tatu, glibc, maktaba ya msingi ya mfumo ambayo karibu kila programu huitegemea. Mashine yako ina toleo la 2.35 na ya mteja ina 2.31, nayo programu iliyojengwa juu ya toleo jipya haikubali kurudi nyuma, ilhali iliyojengwa juu ya toleo la zamani husonga mbele bila shida. Dawa, basi, ni kuijenga kwenye mfumo mkongwe kuliko yote waliyo nayo wateja wako. Kuifunga glibc ndani hakukuponyi: programu ikitaka kutafuta anwani ya seva kwa jina, glibc bado huita maktaba nyingine za mashine ile, na hizo hutaka toleo lilelile.

Qt, kwa sehemu kubwa, iko chini ya leseni huria ya LGPL, isipokuwa kama umenunua leseni ya biashara. LGPL inamlinda mteja ili aweze kuweka nakala ya Qt aliyoirekebisha mwenyewe. Ukiifunga ndani, itakubidi umpe faili za kati za programu yako (zile za .o, zinazotoka kabla ya kuunganishwa) ili aweze kuiunganisha upya. Ukiiacha kando, kwenye folda ya lib iliyo jirani na programu, ukaandika $ORIGIN/lib ($ORIGIN ni folda ilimo programu yenyewe) katika njia ya kutafutia maktaba, sharti hilo ni jepesi kulitimiza.

OpenSSL ndiyo inayonitia wasiwasi. Ubuntu 20.04 ina toleo la 1.1.1 na 22.04 ina la 3.0, na programu iliyounganishwa na libssl.so.1.1, faili ya toleo hilo la zamani, haitaikuta kwenye mfumo mpya, kwa hiyo utalazimika kusafiri na nakala yako. Lakini kumbuka Heartbleed, kasoro ya usalama ya OpenSSL iliyofichuliwa Aprili 2014: aliyetegemea OpenSSL ya mfumo alisasisha kifurushi kimoja na kuziwasha upya huduma zake, ilhali aliyenunua programu yenye OpenSSL ndani alibaki akimsubiri muuzaji. Ukiibeba, muuzaji huyo ni wewe, na kwa maoni yangu mteja wako ana haki ya kupata toleo lililorekebishwa siku hiyohiyo, hata kama mkataba haukulitaja.

Kabla ya kutuma toleo lijalo, endesha ldd, amri inayoorodhesha maktaba ambazo programu inazihitaji, kwenye mashine safi ya Ubuntu 20.04, usome mstari mmoja mmoja.