Mama mkubwa anasema koja la maua ni la maiti

"Shangazi, shikamoo. Mimi ni Mchaga, Mlutheri, miaka 28. Mchumba wangu ni Mhindu wa Kigujarati. Ndoa tutafunga bomani, jioni kwao wafanye sherehe yao, na humo tutavishana makoja ya maua. Mama mkubwa alipofika kwao aliona picha ya marehemu babu yao ukutani imevishwa koja. Tangu siku hiyo anasema maua shingoni ni ya maiti, na nikiinamisha kichwa nimeshabadili dini. Halafu kaka zake mchumba wanatamba kwamba watambeba juu nisimfikie. Mjomba ameapa wakifanya hivyo anaondoka ukumbini. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Mama mkubwa hakuona vibaya. Wahindu huvisha koja picha ya marehemu kweli. Huvisha pia sanamu za miungu, mgeni wa heshima na hata mwanasiasa jukwaani. Kwani sisi muuza maua wa mashada ya msibani si ndiye huyo huyo anayemfungia bibi harusi maua ya mkononi? Mwambie mama mkubwa picha ya babu huvishwa tu, yenyewe haimvishi mtu. Wewe utamvisha mwenzio, naye atakuvisha. Ndiyo maana ya huko kuvishana makoja, yaani jaimala, au varmala kama wengine wanavyoiita: nimekukubali, umenikubali.

Asili yake ni ya zamani. Katika hadithi zao binti wa mfalme aliitiwa wachumba, akapita mbele yao na koja mkononi, na aliyemvisha ndiye mume. Mimi napenda ya binti mfalme Damayanti, iliyomo kwenye Mahabharata, utenzi wao wa kale. Alimtaka Nala, lakini miungu wanne wakajigeuza sura ya Nala, wakasimama naye sambamba. Binti akawatazama mmoja mmoja. Wanne hawatoki jasho, hawapepesi macho, nyayo hazigusi chini, maua yao mabichi. Wa tano ana vumbi, ana kivuli, koja lake limenyauka. Akamvisha huyo.

Kuhusu dini, koja si fundo la ndoa kwa Wagujarati. Kazi nzito iko kwenye moto mtakatifu unaowashwa kwenye ndoa: maharusi kuuzunguka, kisha hatua saba. Hata sheria ya India ya ndoa za Kihindu ya mwaka 1955 inasema palipo na hatua hizo, ndoa inakamilika kwa ile ya saba. (Tamil Nadu, jimbo la kusini mwa India, ni habari nyingine. Kule tangu 1967 kuvishana makoja tu mbele ya mashahidi kunaweza kuwa ndoa. Wakwe zako hawatoki huko.) Kwa hiyo kama una la kumuuliza mchungaji, muulize la moto, maana naona kwenye barua yako hukuligusa kabisa. Muulize na mchumba kama familia yake inategemea mzunguke. Hilo lijulikane kabla kadi hazijachapwa.

Mjomba aelezwe mapema, na aelezwe na mchumba mwenyewe, kwa adabu. Kunyanyuana ni utani wa pande mbili. Kwenu nako si kuna kaka? Wakimnyanyua yule, nao wakunyanyue wewe. Niliwahi kuona bwana harusi akipandishwa mabegani, bibi harusi akaruka mara mbili akamkosa, ya tatu koja likakatika na waridi zikatapakaa zulia zima. Shangazi wa bwana harusi alipiga magoti na sindano, akalitunga upya huku watu wakicheka. Kama hutaki kurukaruka na nguo nzito, sema sasa: wamnyanyue mara moja, apige magoti, umvishe.

Na hereni uvae fupi. Koja hukwama kwenye zile ndefu, na hutapenda kuchomolewa sikio mbele ya kamera.