Maswali yenu: mkaa wa kutuliza sumu ya tope

Wiki iliyopita niligusia mkaa amilifu, ule wa vichujio vya maji, unaochanganywa na tope la mto au bahari ili kutuliza sumu. Maswali yakamiminika.

Kwa hiyo sumu inaondoka? (Morogoro)

Hapana. Niliandika hapana, tena kwa herufi kubwa. Inashikwa, haiondoki.

Sasa kama iko palepale, faida nini? (Tanga)

Swali zuri. Samaki anakula mnyoo, mnyoo anakula tope, na inayowadhuru ni ile sumu inayochomoka topeni na kuingia mwilini. Gramu moja ya mkaa amilifu ina vitundu vingi mno: ukikunjua kuta zake zote unapata zaidi ya mita za mraba 500. PCB, kemikali ya mafuta ya transfoma za zamani, ikiingia humo inanasa. Mwaka 2006 walijaribu kwenye mto Grasse, jimbo la New York. Ndani ya miaka mitatu, PCB iliyoingia kwenye minyoo ya majaribio ilipungua kwa zaidi ya theluthi mbili. Aliyepima jumla ya sumu topeni tu angedhani hakuna kilichofanyika. Ndiyo maana sichoki kugombana na wapima tope: pimeni mnyoo, pimeni samaki!

Si bora kulichimba lote, yaishe? (Mombasa)

Penye sumu kali, chimba. Lakini kuchimba hutibua maji, na tope unalipeleka wapi? Minamata, Japani, walichimba tope la zebaki kuanzia 1977 hadi 1990. Leo limezikwa pwani hapohapo, chini ya hekta 58 za ardhi mpya waliyoitengeneza kwa kufukia bahari. Msiniambie "limeondolewa".

Nina bwawa la sato. Nimwage mkaa wa jikoni? (Mbeya)

Choma nao mahindi. Mkaa amilifu hupikwa upya kwa joto kali na mvuke mpaka utoboke vitundu. Na kama unalishuku tope lako, kwa nini bado unauza samaki?

Mkaa wenyewe hauna madhara? (Dodoma)

Unayo. Kwenye fyodi (ghuba ndefu nyembamba) za Grenland, Norwei, walitandaza unga wake mwaka 2009, na viumbe wa sakafuni wakapungua. Kule Grasse mimea ya majini ilidumaa kidogo. Muuzaji hatakwambia.

Zebaki ya wachimbaji wa dhahabu inatulizwa hivyohivyo? (Geita)

Zebaki ina ukorofi wake. Kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria huigeuza methili-zebaki, na hiyo ndiyo inayojikusanya kwenye samaki, hasa wakubwa walao wenzao. Katika ziwa Onondaga, Marekani, tangu 2011 wamekuwa wakiingiza nitreti, chumvi ya nitrojeni, kwenye maji ya kilindini kuzuia mgeuko huo, na umepungua. Ila pale viwanda vilivyomwaga zebaki vilikuwa vimeshafungwa miaka mingi. Wewe unaniuliza dawa ya tope huku makarai yenye zebaki bado yanaoshwa mtoni.