Dumu Likiisha: Maswali Yenu Kuhusu Kujaza Tena

Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019, plastiki inayojaa majumbani ni chupa, makopo na madumu. Barua za safari hii kutoka Arusha, Moshi na Tengeru zinauliza jambo hilohilo kwa njia tofauti: lipi lijazwe tena, na kwa kitu gani?

Nanunua mafuta ya alizeti kwa kupima, kwenye dumu langu la lita 5. Dukani yananukia vizuri, lakini yakikaa nyumbani wiki mbili yanaanza kunuka kama rangi ya zamani. Muuzaji ananichezea?
*Mama Watatu, Sakina, Arusha*

Mama, kabla hujamlaumu muuzaji, lichunguze dumu. Limwage lote, lifunge likiwa tupu, liache usiku kucha, kisha asubuhi lifungue ulinuse. Likitoa harufu hiyo, tatizo liko ndani yake.

Mafuta yaliyobaki kwenye pembe na chini ya kifuniko huchacha kwa kukutana na hewa. Ukimimina mapya juu yake, yale mabaki huharakisha kuchacha kwa mapya. Alizeti huwahi kuharibika kuliko mawese, na dumu linalopitisha mwanga likikaa karibu na jiko hali huwa mbaya zaidi. Kwa hiyo usiongezee mafuta juu ya mafuta, hata kama imebaki robo tu. Yamalizeni kwanza.

Kuliosha: ligeuze kichwa chini mpaka liache kudondosha. Weka nusu lita ya maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya vyombo na konzi moja ya mchele mbichi. Mchele ndio unaokwangua pembe ambazo brashi haifiki. Tikisa dakika mbili, mwaga, rudia mpaka ukuta wa ndani usiteleze tena. Suuza mara tatu. Kifuniko kioshe peke yake kwa mswaki wa zamani, na kama kina raba ndani, ivue. Uchafu mwingi hujificha hapo. Maji yanayochemka usimimine kwenye plastiki laini ya aina ya chupa za maji (namba 1 chini ya chupa), kwa sababu hulegea na kujikunja kuanzia nyuzi joto 70 hivi. Madumu magumu yenye namba 2 huvumilia zaidi.

Kinachowashinda wengi ni kukausha. Tone la maji likibaki, mafuta huruka kwenye kikaango na huharibika mapema. Ligeuze kivulini bila kifuniko siku nzima. Kwa baridi na mawingu ya Juni na Julai huko kwenu, siku mbili. Ndiyo maana tunashauri kuwa na madumu mawili, moja likitumika jingine likikauka. Dumu lenye utando wa njano unaonata na hautoki kwa mchele limeshamaliza kazi ya mafuta. Panda sukuma wiki ndani yake.

Chupa ndogo ya maji ya dukani naweza kuijaza mara ngapi? Nachemsha maji nyumbani ili niache kununua chupa.
*Msomaji, Njiro, Arusha*

Idadi ya mara si kipimo kizuri. Angalia hali ya chupa: ikipata mikwaruzo ndani, ukungu wa kijani au harufu, iache. Mdomo wake mwembamba hauingizi brashi, na kila unapoinywea moja kwa moja unaacha vijidudu. Kwa matumizi ya kila siku tafuta chupa ya mdomo mpana, ya plastiki ngumu namba 2 au 5, au ya chuma kisichoshika kutu. Mara moja kwa wiki, baada ya kuiosha kwa sabuni, weka vijiko viwili vya chai vya jiki isiyo na manukato kwenye lita moja ya maji, itikise ili maji yaguse kila upande, iache dakika moja, mwaga, kausha. Chupa ikikaa kabatini badala ya dirishani, kijani hakioti.

Lakini kwa mtu wa Arusha kuna jambo kubwa kuliko chupa. Maji ya maeneo mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, ile inayoacha meno ya watoto na madoa ya kahawia. Kuchemsha huua vijidudu tu. Floraidi haitoki; maji yakipungua kwa mvuke huzidi kidogo kwa kila lita. Vidonge vya klorini na vichujio vya kawaida vya udongo navyo haviitoi. Inayofanya kazi ni mkaa wa mifupa uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ulizia kipimo cha chanzo chako. Kama ni kikubwa, jaza chupa zako kwa maji ya mvua yaliyokingwa baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, kisha yachemshwe. Au nunua yale ya chupa kubwa zinazorudishwa kiwandani kujazwa upya. Plastiki itapungua bila meno ya wanao kulipa gharama.

Mume wangu ameleta dumu la dawa ya nyanya. Nimeliosha kwa sabuni na majivu, harufu imekwisha. Naweza kuchotea maji?
*Dada wa Tengeru*

Hapana, dada. Wala maziwa, wala mbege, wala maji ya ng'ombe. Plastiki huinyonya dawa ndani ya ukuta wake na kuitoa polepole, na harufu kwisha hakuthibitishi kitu. Dumu la dawa huoshwa shambani palepale: jaza maji robo, funga, tikisa nusu dakika, mimina kwenye bomba la kupulizia, mara tatu. Kisha litoboe ili asije mtu mwingine kuliokota, na muulize bwana shamba au ofisi za TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), ambayo makao yake makuu yako hapo Ngaramtoni, lipelekwe wapi. Msilichome nyumbani.

Nauza sabuni ya maji kwa kupima. Wateja wanalalamika kwamba nawapunja na kwamba sabuni yangu inageuka maji.
*Mjasiriamali, Kiboriloni, Moshi*

Malalamiko yote mawili huenda yanatoka kwenye chupa za wateja. Chupa iliyosuuzwa ikabaki na maji kidogo inaizimua sabuni, na sabuni inayokolezwa kwa chumvi hupoteza uzito haraka ikiongezwa maji. Iliyozimuliwa hivyo huoza na kunuka pia. Lakini jikague na wewe: chumvi ikipita kiasi chake, sabuni huacha kuwa nzito na kurudi nyepesi. Iongeze kidogo kidogo, koroga, subiri, ndipo uamue.

Kuhusu kipimo, povu ndilo linalodanganya macho. Tumia faneli yenye mrija mrefu unaofika chini ya chupa, mimina taratibu, acha povu litulie, ongeza. Pima kwa chombo kinachokubalika na Wakala wa Vipimo, mteja akiona.

Njia bora ni ile ya kreti za soda: weka chupa zako kavu dukani, mteja alipie amana mara ya kwanza, kisha kila akija alete tupu aondoke na iliyojaa. Kukausha kunabaki mikononi mwako. Zisiwe chupa za soda wala za maji, kwa sababu mtoto huinywa anayoijua. Na kila moja iandikwe jina la kilichomo. Gundi ya kibandiko cha zamani hutoka ukiipaka mafuta ya kula, ukaiacha dakika kumi, ukaisugua kwa majivu.