Nilisugua choo miezi mitatu, kumbe mtoto alikuwa anabana mkojo

Binti yangu aliugua UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne. Hakulalamika kwamba mkojo unamuuma. Ilikuwa homa tu, siku mbili, bila mafua wala kikohozi, halafu akaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha zamani. Nikamgombeza kwa ajili ya shuka. Hilo linanisuta mpaka leo.

Zahanati tulipewa kikopo. Muuguzi akanielekeza nimsafishe kwanza, mkojo wa mwanzo umwagike, nikinge wa katikati. Nililowa mkono wote, lakini kipimo kilionyesha bakteria. Akapewa dawa, akamaliza dozi, akapona.

Mimi nikaamini kaipata chooni, nikatangaza vita na choo. Kusugua asubuhi, kusugua jioni, dawa kali mpaka macho yanawasha. Baada ya miezi mitatu homa ikarudi.

Safari hii daktari hakuuliza habari za choo chetu. Aliuliza, "Anapata haja kubwa kila siku?" Nikadhani hajanisikia vizuri. Akanieleza kwamba bakteria hawa mara nyingi hutoka kwenye utumbo wa mtoto mwenyewe, na kwa msichana safari ni fupi: njia ya mkojo ni fupi na iko karibu na tundu la haja kubwa. Kinyesi kigumu kikijaa kinakandamiza kibofu, mkojo hautoki wote, na ule unaobaki ndimo bakteria wanamozaliana.

Nikarudi nyumbani nikaanza kumchunguza. Katikati ya mchezo anabana mapaja, anachuchumaa ghafla na kukalia kisigino. Siku zote nilidhani ni mikogo ya watoto! Kumbe anazuia mkojo. Akizidiwa anakimbilia chooni, na kabla hujahesabu tano ameshatoka.

Kwa hiyo niliacha kumuuliza "unataka kukojoa?" maana jibu la mtoto anayecheza ni hapana. Sasa kila baada ya saa mbili au tatu nasema "twende," basi. Chupi inashuka mpaka chini ya magoti ili miguu iachane, na chini ya nyayo kuna kigoda, kwa sababu miguu ikining'inia misuli hailegei. Akimaliza tunahesabu mpaka kumi, kisha anajaribu tena. Mara nyingi unatoka mwingine kidogo. Maji ya kunywa, matunda na mboga vikaongezeka, na choo kigumu kikaisha taratibu.

Kuchamba nako tulianza upya. Kila mtu anajua ni mbele kwenda nyuma, lakini mkono wa mtoto mdogo ukipita katikati ya mapaja unavuta uchafu kuja mbele tu. Nilimfundisha kupitishia mkono nyuma, na haja kubwa namalizia mwenyewe mpaka awe mkubwa. Sehemu za mbele nasafisha kwa maji matupu. Sabuni ya manukato na mapovu ya kuogea vinawasha ngozi, na mtoto anayewashwa akikojoa atabana zaidi. Chupi za pamba, kubadilisha kila siku, kunawa mikono, hayo mnayajua. Wenye watoto wa kiume: msilazimishe govi kurudi nyuma, linaachia lenyewe kwa wakati wake.

Jambo moja sitanii nalo: msimpe dawa iliyobaki ya ndugu yake. Mkojo upimwe kwanza. Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na mkubwa vilevile kama ana homa na anatapika au analalamika mgongo.

Bado kulikuwa na fumbo: kwa nini akirudi nyumbani kutoka shule anakimbilia chooni hata kabla ya kuvua begi? Nilimuuliza tukiwa tunasuka nywele, bila kumkazia macho. Akasema mlango wa choo cha shule haufungi, wavulana wanachungulia. Nilizungumza na mwalimu, akakubali awe anaruhusiwa kutoka wakati wowote. Mlango wenyewe haujatengenezwa. Rafiki yake ndiye anayeushikilia, kisha wanabadilishana zamu.